Mizani

Nilikuwa nikifundisha ushairi Kidato cha Pili,
shule moja ya Donholm, wanafunzi hamsini na wawili,
nikiwapigia silabi mezani kwa vidole:
nane, pumzi, nane.
Mshororo uliopungua niliuita guni,
nikaukata kwa kalamu nyekundu.

Sasa nahesabu mengine.
Vijiko vya maziwa ya kopo.
Ngazi themanini na mtungi wa lita ishirini,
maana kwetu Tassia maji huja Jumanne usiku,
yakipenda.
Saa anazolala Mwende.
Saa nisizolala mimi.

Mwende maana yake mpendwa.
Jina alilichagua mama mkwe, kwa simu, kutoka Mwingi.
Nilisema sawa.
Wiki zile nilisema sawa kwa kila kitu.

Niseme kweli kabla kalamu haijaogopa:
nilimtazama mtoto, nikasubiri.
Niliambiwa penzi hushuka lenyewe, pamoja na maziwa.
Maziwa yalishuka.

Mutinda ni mwema. Hutoka zamu ya usiku kiwandani,
nguo zikinuka hamira,
huweka mezani mkate ulio moto bado,
hunikuta nimeketi pale aliponiacha.
"Umekula?"
"Sawa."
Jibu si la swali hilo. Haoni. Au anaona.

Roshani ilikuwa na kiti cha plastiki.
Siku moja nilikiingiza ndani, nikakisukuma nyuma ya mlango,
nikakirundikia nguo.
Sikumwambia mtu kwa nini.

Mama Apondi wa mlango wa pili husema
wapo wanaomtafuta mtoto kwa machozi miaka na miaka.
Ndiyo. Nikajifunza kulia bafuni, mfereji ukimwaga,
na siku za mfereji mkavu
nikajifunza kutolia.

Ubaoni niliwaandikia: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Fafanua. Alama tatu.
Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza:
na uchungu wa mzazi, mwalimu?

Usiku mmoja nilijaribu, nyuma ya risiti ya nepi:

    Mwanangu lala mwanangu, usiku mrefu mno,
    Sina jina la uchungu,

Utao haukuja. Risiti ikalowa.

Kila mwezi, kliniki.
Mtoto huvuliwa, hutiwa kwenye suruali ya turubai,
huning'inizwa ndoanoni kama robo ya nyama buchani.
Mshale hutetemeka, hutulia.
Kilo sita na nusu. Nukta kwenye grafu ya kijitabu,
na nukta za Mwende hupanda vizuri, kama ngazi.
"Hongera mama, anaongezeka."
Nafunga kijitabu.
Hakina ukurasa wangu.

Mwezi wa sita tulimkuta muuguzi mgeni,
Jebiwott kwenye beji, visigino vya viatu vimelika upande mmoja.
Hakusema hongera. Aliweka kalamu chini.
"Huyu yuko vizuri. Na wewe?"

Nikafungua mdomo niseme sawa.
Silabi mbili. Mimi, niliyewapigia watoto wa watu
kumi na sita bila kupumua,
sikuzimudu mbili.

Akaufunga mlango kwa mguu,
akavuta kiti kilichokuwa na mafaili, akayashusha sakafuni.
"Keti. Niambie neno."

Chini ya leso vidole vyangu, kwa mazoea tu, vikahesabu.
Nane. Na kina kimekaa.

Sikusema mengi. Nje walibisha mara mbili,
foleni ilifika hadi getini, mtu akaguna.
Mwende alinyonya ncha ya leso yangu
akinitazama kama anayesubiri naye.
Niliandikiwa Alhamisi, kwa penseli,
chumba namba tisa, kuna mtu wa kuonana naye.

Nimerudi. Nimepanda ngazi zote.
Risiti nimeibandika kwenye friji.

Ubeti una mishororo minne.
Miwili bado.